Tupeane uzoefu: laptopu kwenye betri ya gari

Kivuko: Foleni ya feri Likoni haisongi, injini imezimwa, laptopu iko 9%. Wajuzi, stima mnaitoaje kwenye gari?

WayaMwekundu: Soma kwanza mgongo wa chaja. Ikiandikwa 19.5V, 3.34A, hiyo ni wati 65. Inveta, kile kifaa cha kugeuza 12V ya betri iwe 240V kama ya nyumbani, nayo hula chake, kwa hivyo hesabu kama wati 75: ampea 6 na ushei kutoka betri ya 12V. Betri ya Ah 50 (ampea-saa, yaani ampea 1 kwa saa 50) usiitoe zaidi ya nusu, yaani saa nne hivi. Bamba za betri ya gari ni nyembamba, kazi yake kupiga stata. Ukiikausha mara kadhaa haishiki chaji tena.

Pweza_Mtwapa: Saa nne kwa betri mpya. Ile ya miaka mitatu iliyopikwa na joto letu hili, sema mbili.

WayaMwekundu: Basi shika mita, yakhe. Ikisoma 12.2V, zima.

BintiKisauni: Inveta ya nini? Laptopu ya USB-C inataka chaja ya gari ya PD (Power Delivery, chaji ya nguvu ya USB-C), wati 65, chomeka tundu la sigara, kwisha. Mwapandisha hadi 240 ili mshushe tena hadi 20!

Pweza_Mtwapa: Aangalie tu. Nyingine hizo 65 ni za matundu yote pamoja. Ukichomeka na simu, laptopu yapunjwa.

Turniboi254: Wa malori je? Lori lina betri mbili zimeungwa mfululizo: 24V, na injini ikinguruma hufika 28. Bana inveta ya 12V hapo uone. Kapasita za ndani nyingi zahimili 16V au 25V tu. Paa! Moshi, na uvundo haukutoki puani siku nzima.

Kibao: Si ubane betri moja tu 😂

Turniboi254: Usimpoteze mtu! Alteneta (jenereta ya injini) huzichaji zote mbili kama kitu kimoja. Unayoinyonya haijai, mwenzake anazidishiwa mpaka maji yakauka. Zafa zote. Tafuta inveta ya 24V.

Kivuko: Jamani, mimi nina kigari kidogo.

WayaMwekundu: Fyuzi ya tundu la sigara huwa ampea 10 hadi 20. Chaja moja yapita. Inveta ya wati 300 ikishiba huvuta karibu 30, hiyo peleka betrini moja kwa moja: waya wa 6mm², mfupi, na fyuzi ya 40A karibu na kichwa cha chanya. Mtu akitumia waya wa spika, inveta yalia pii-pii na betri imejaa. Volti zimeishia njiani, shika huo waya uone ulivyo moto.

BintiKisauni: Na vichwa vya betri visafishwe. Huku pwani vinaota unga mweupe wa kijani. Baking soda na maji ya moto, mswaki mkuukuu, kausha, paka grisi.

Kivuko: Foleni imesonga. 4%.

Turniboi254: Kama ulichomeka inveta, izime kabla hujapiga stata!