Chuo kimeuza deki mnadani, kanda 214 za video zimeachwa zioze stoo ya maktaba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa wizi wa vitabu maktabani. Hili ni jambo jingine kabisa.

Niko mwaka wa 2 wa uzamili, nafanya utafiti wa ngoma za kusini, Mtwara na Lindi. Chuo sikitaji. Waliosoma pale watakijua kabla hawajafika katikati ya uzi.

Kati ya 1993 na 1998 mwalimu mmoja wa idara yetu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa anashuka kusini karibu kila likizo na kamera ya chuo begani. Enzi hizo daraja la Mkapa halijajengwa, lilifunguliwa 2003, kwa hiyo Rufiji unavuka kwa pantoni na masika ikikukamata njiani umekwama. Pamoja na shida hizo alikwenda. Alirekodi sindimba kwenye viwanja vya vijiji, si jukwaani kwa ajili ya mgeni rasmi. Alirekodi mafundi wakiwamba ngozi na kuipasha motoni. Alikaa na wazee akawauliza nani aliwafundisha, na wimbo fulani uliimbwa mwaka gani na kwa nini ukaachwa. Wengi wa wazee hao sasa wako chini ya udongo. Kila aliporudi alikabidhi kanda maktaba, akasainishwa kwenye daftari. Nimeliona daftari hilo kwa macho yangu.

Kwenye ripoti zake kila kanda ina namba. Mimi nilihitaji 7 tu, nikaingia kwenye katalogi ya maktaba kwenye kompyuta. Unajua nilichokuta? Rekodi moja. MOJA. "Kanda za video, ngoma. Masanduku 6." Basi. Hakuna jina la aliyerekodi wala mwaka, hakuna kijiji, urefu haujatajwa, na hujui kama ni VHS ya kawaida au zile ndogo za Video8.

Kitabu cha kurasa 60 kilicholetwa jana kina mwandishi, mchapishaji, mwaka, mada na namba ya rafu. Miaka mitano ya kazi ya mtu imepewa maneno 6. Na msiniambie programu haina nafasi. Koha, programu ya katalogi ambayo ndiyo imeenea kwenye maktaba za vyuo, inatumia MARC, yaani utaratibu wa kujaza rekodi za maktaba kwa sehemu zenye namba, na MARC ina mahali pa kila kitu cha video. Sehemu ya 300 unaandika idadi na urefu. 511 ni ya waliocheza au kuimba. 518 ni ya tarehe na mahali tukio lilipofanyika, yaani hicho kijiji na mwezi ninaohangaika kuvitafuta. 520 unaeleza kilichomo, 538 unaandika ni VHS na ni PAL, yaani mfumo wa picha za TV uliotumika huku kwetu. Zipo miaka yote na zimeachwa tupu.

Nikaenda dirishani. Yule mama wa kitengo cha vifaa vya kusikia na kuona ni mtu mzima, mstaarabu sana, sitaki mtu amshambulie. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, hivyo vitu hatuvitoi. Na hata nikikupa utaangalizia wapi?" Nikamuuliza deki ziko wapi, maana daftari linaonyesha zilikuwa 2. Akasema, "Zilipelekwa kwenye mnada wa vifaa chakavu. Walikuja na orodha, kila chenye waya ambacho hakijatumika miaka 5 kikatoka." Nikamuuliza kama zilikuwa mbovu. "Zilikuwa zinafanya kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nazisafisha vichwa."

Ndugu zangu, deki zinazofanya kazi zimeuzwa na kanda zimebaki! Huyo aliyesaini orodha hakujiuliza kanda zitasomwa na nini? Kiwanda cha mwisho duniani kilichokuwa kinatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, kilisimamisha mwaka 2016. Ukipoteza deki leo huendi dukani kununua mpya, unazunguka kuomba za watu. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilishapiga mbiu zamani ikautaja mwaka 2025 kuwa ndio kikomo, na sababu yao haikuwa kanda kuoza peke yake. Sababu ilikuwa kwamba mashine na mafundi wake wanakwisha. UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, nao walitoa tahadhari ya kanda za sumaku mwaka 2019. Hizi si habari za siri. Mkutubi yeyote anayefuatilia kazi yake anazijua, na kama wa chini anazijua basi wa juu ndio wa kuulizwa.

Nilisumbua siku 3 mpaka ufunguo wa stoo ukapatikana. Stoo iko chini ya ngazi, na bomba la choo cha juu linapita darini. Dar unyevu wa hewa peke yake unatosha kuua kanda, sembuse na bomba linalovuja. Kanda zimelazwa moja juu ya nyingine kama matofali wakati zilitakiwa zisimame kama vitabu. Nilifungua sanduku la kwanza nikanusa kabla sijaona. Ukungu mweupe umeota kwenye ukingo wa kanda, unauona kupitia kile kidirisha cha plastiki. Kwa wasiojua: picha ya video imeshikwa na unga wa sumaku uliogandishwa kwa gundi kwenye utepe wa plastiki. Gundi ikinyonya unyevu inalainika na kunata, unga unabanduka, na ukiitia hivyo hivyo kwenye deki inaacha picha kwenye vichwa vya mashine. Yenye ukungu ndiyo usiiguse kabisa kabla haijakaushwa na kusafishwa, maana inachafua deki na deki inachafua kanda zote zitakazofuata.

Nilihesabu zote kwa mkono, zilizobaki ni 214. Namba 52 lebo ya marehemu imekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake mtu ameandika "FAINALI 98". Kile kijipande cha nyuma kinachovunjwa ili deki isirekodi juu yake, marehemu alikivunja. Mtu akaziba pengo kwa selotepu. Kwenye ripoti, namba 52 ni mahojiano na bibi mmoja wa Newala, fundi wa nyimbo. Sina deki ya kuthibitisha, lakini naamini bibi yule amefutwa kwa ajili ya Ufaransa na Brazil, mechi ambayo dunia nzima inayo.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa uchungu. Kumbe bado.

Mwaka 2008 kulikuwa na mradi wa "kuhamishia kwenye dijitali". Walichagua kanda 40, zile bora zaidi kwa mujibu wa daftari, wakazihamishia kwenye DVD za kuchoma, zile zile tunazonunua barabarani. Wakazibandika karatasi za gundi juu, wakaziweka kwenye mifuko ya nailoni. Nikaomba nizijaribu kwenye laptop yangu palepale. Zilizofunguka ni 11. Nyingine zinazunguka tu, kompyuta inasema hakuna kitu. Ukizigeuza mwangani unaona rangi imepauka mpaka katikati. Nikamwambia mama sawa, hizo 29 tuzitafute kanda zake za awali tuhamishe upya. Akanyamaza. Nikarudia. Akasema, "Zilitupwa, mwanangu. Walisema zimeshahamishwa, zinajaza nafasi."

ZILITUPWA. Kanda 40 za mtu aliyevuka Rufiji kwa pantoni, zimetupwa ili kuachia nafasi kwenye stoo ya chini ya ngazi. Na hata hizo 11 zilizopona zimebanwa ili zienee kwenye diski ya gigabaiti 4.7, kwa hiyo miguu ya wachezaji ikienda kasi picha inakuwa viboksi viboksi. Mimi nasoma miondoko! Miguu ndiyo utafiti wangu! Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi, nililia na sioni aibu kusema.

Nikaandika barua kwa uongozi wa maktaba. Majibu yalikuja baada ya wiki 5, sababu 2: bajeti na hakimiliki.

Bajeti tuipigie hesabu. Saa 1 ya video ya PAL isiyobanwa kabisa ni kama gigabaiti 75. Ukitumia FFV1, mfumo wa bure unaobana bila kupoteza hata nukta moja ya picha, inashuka mpaka karibu nusu. Nikikadiria saa 1 kwa kila kanda, kanda 214 ni terabaiti 8 hivi. Diski moja ya terabaiti 10 inazimeza zote. Nunua 3, mbili zikae majengo tofauti ya chuo na moja nje ya chuo, kila faili lipewe alama yake ya uhakiki, yaani namba inayobadilika faili likiguswa au kuharibika, na mtu azipitie kila mwaka kuona kama kuna lililoharibika. Kazi yenyewe inataka mtu mmoja, deki moja nzima na miezi kadhaa, kwa sababu kanda ya saa 1 inahamishwa kwa saa 1, haina njia ya mkato. Chuo kinachoweka viyoyozi kwenye kumbi za mikutano hakiwezi kusema hili limekishinda.

Hakimiliki ndiyo iliyonikera zaidi. Kanda hizi zilirekodiwa na mwajiriwa wa chuo, kwa kamera ya chuo, zikakabidhiwa chuo. Swali la haki lipo, ila si hilo wanalolisema. Haki zenye uzito hapa ni za wazee na vijiji vilivyofungua milango. Kuna kanda 9 ambazo daftari linasema ni nyimbo za unyago, na marehemu aliandika pembeni kwamba akina mama waliorekodiwa walikubali zitazamwe na wanawake tu. Hilo ndilo lilitakiwa liandikwe kwenye katalogi, sehemu ya 506, ili hata mimi mwanamume nikija niambiwe hizi hupewi, nami ningekubali kwa heshima zote. Badala yake ziko kwenye sanduku moja na nyingine na kesho fundi yeyote anaweza kuzirusha mtandaoni. Maktaba isiyojua ina nini haiwezi kulinda siri ya mtu yeyote.

NYONGEZA: Mdau mmoja hapo chini amesema siku hizi kila kitu kipo YouTube. Mkuu, sindimba ya YouTube nimeiangalia sana. Ni vikundi vya jukwaani, wamevaa sare, dakika 4 kisha makofi. Nionyeshe mahali palipo na mzee wa Newala wa mwaka 1994 anaeleza kwa nini babu yake aligombana na fundi wa kijiji cha pili kuhusu pigo moja la ngoma. Hayupo. Kama yupo, yuko chini ya ile ngazi.

Mwingine ameshauri nichukue kanda kimyakimya nipeleke kwa vijana wa studio za harusi Kariakoo. Nashukuru kwa nia njema, ila siibi mali ya maktaba, na ukungu ule ukiingia kwenye deki ya mtu nimemharibia riziki.

Ninachoomba ni hiki. Yule mama amekubali nikileta deki ya VHS ya PAL iliyo nzima, atanipa chumba na ataniruhusu nianze na kanda 30 ambazo hazina ukungu, yeye akiwepo. Mwenye nayo nyumbani, au anayejua fundi anayeelewa kusafisha vichwa, anicheki inboksi. Na wewe uliyenunua zile 2 kwenye mnada wetu, kama unausoma uzi huu na bado hujazivunja spea, tafadhali usizivunje. Nikodishie moja wiki 3. Naifuata popote ulipo na kuirudisha mwenyewe.