Krismasi ya kwanza bila baba: nitashukuru kwa lipi?

Binti_Hombolo:
Mbukwenyi wapendwa. Nashona nguo hapa Dodoma mjini, Chang'ombe, ila kwetu ni Hombolo. Baba alitutoka mwezi wa tisa. Aliugua wiki tatu tu.

Baba alikuwa na jambo lake. Siku ya Krismasi pilau likishapakuliwa, hakuna kugusa sinia mpaka kila mtu, hata mtoto wa miaka mitatu, ataje kitu kimoja anachomshukuru Mungu mwaka huo. Ukisema "uzima" anakurudisha: "Uzima wa nani? Siku gani?" Sisi huku macho yote kwenye nyama. Mwaka mmoja mvua ilikatika mwezi wa pili, mtama ukakauka ukiwa haujafika hata magotini. Yeye akashukuru kwa jirani aliyetukopesha debe tatu za mahindi, akamtaja kwa jina.

Jumapili mama kanipigia. Anasema mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo mwaka huu nikae alipokuwa anakaa baba, nianzishe. Tena anataka siku hiyo kanisani familia nzima twende mbele na sadaka ya shukrani. Nikamjibu sawa mama. Nilipokata simu nililia mpaka mteja aliyefuata gauni lake akaniondolea pasi, maana ilishaanza kuunguza kitenge.

Ndani nina hasira. Usiku nikisali Baba Yetu, nikifika "mapenzi yako yatimizwe" nanyamaza. Pale sipapiti. Naogopa kusimama madhabahuni kutoa asante ambayo sina. Waliopitia haya mlifanyaje? Nawaomba msiniambie "jikaze" wala "kazi ya Mungu haina makosa", nimeambiwa sana matangani.

Mama_Mpwapwa:
Pole mwanangu. Mimi mume wangu alifariki Novemba, Krismasi ikanikuta sijamaliza hata kugawa nguo zake. Sikwenda kanisani. Nilikaa uani nikabangua karanga za mbegu kutwa nzima, nikisikia kengele. Mzee wa kanisa alikuja jioni, hakunikemea, akanisomea Zaburi ya 88. Isome nawe. Nyingi za kulia huishia na sifa, ile inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia. Nikajua kumbe na mimi nimo.

Halafu watu husahau kwamba Krismasi yenyewe ina kilio. Mathayo sura ya 2, Herode anaua watoto wa Bethlehemu na Raheli anakataa kufarijiwa. Tunawakumbuka tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya pilau. Kwa hiyo ukienda na machozi hujaharibu sikukuu ya mtu.

Ila neno moja kuhusu mama yako. Umesema "sawa mama" ukakata simu. Hukumuuliza yeye anashukuru nini. Muulize kama baba yenu alivyokuwa anawauliza. Huenda ana kitu mkononi ambacho wewe hujakiona.

Baba_Kondoa:
Pole sana dada. Mimi ni Mwislamu, lakini msiba hauna dini. Mwanangu wa kiume alifariki wiki moja kabla ya Idi. Watu wanakuja na mkono wa Idi, mimi natoa mkono kama gogo. Sheikh wetu alinikumbusha kwamba Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Kwetu tunasema Alhamdulillahi kwa kila hali. Mwaka ule niliitamka kwa ulimi tu, moyo ulikuwa nyuma. Sijisikii kwamba nilidanganya. Nilikuwa naushikilia mlango usifungwe.

Mkulima_Bahi:
Pole dada. Mvua imeshashika huko? Huku tunaandaa majaruba. Shamba la mzee nani analima?

Binti_Hombolo:
Nimerudi. Mama_Mpwapwa, nilipiga simu usiku uleule. Nikamuuliza, "Mama, wewe unashukuru nini? Kitu gani? Siku gani?" Akakaa kimya, kisha akacheka kidogo, tangu msiba sijamsikia akicheka. Akasema twende jikoni, yaani alisahau kwamba mimi niko mjini. Juu ya mafiga kuna masuke ya uwele yananing'inia kwenye moshi. Baba aliyachagua mwenyewe wakati wa mavuno, akayafunga kwa kamba ya katani. Hakujua kwamba hatayapanda yeye. Mama anashukuru kwa hayo masuke. Sadaka anayotaka kupeleka mbele ni kisonzo, yaani kikapu, cha uwele huo, wala si pesa.

Mkulima_Bahi, mvua ilinyesha Jumatano. Jana nimefunga kibanda nikaenda Hombolo, tumepanda mimi, mama na wadogo zangu wawili. Robo ya masuke tumeacha palepale juu ya moshi.

"Mapenzi yako" bado sijapapita. Nimemwambia mama kanisani nitakwenda naye mpaka mbele, nitambebea kisonzo, ila kusema atasema yeye. Amekubali. Na kwenye sinia nitakaa pale kwa baba, nitauliza kila mtu kitu gani, siku gani. Ikifika zamu yangu nitasema mwaka huu bado natafuta, aendelee anayefuata.