Naomba ushauri: Pole Position inanitoa nje kwenye kona

Habari zenu wakuu. Nacheza Pole Position, ile gemu ya mbio za magari ya Namco ya mwaka 1982, kwa MAME (programu ya kuchezea gemu za zamani za mashine) kwenye laptop. Mzunguko wa kufuzu pale kwenye uwanja wa mbio wa Fuji unanishinda: kwenye kona kali, nikigusa kishale tu gari linateleza hadi nje, linagonga bango na kulipuka. Mashine yenyewe ya zamani ya gemu hii ilikuwa na usukani wa kuzungusha na gia mbili tu, ndiyo maana kibodi inasumbua mno.

Nimepunguza wepesi wa usukani kwenye mipangilio, nikajaribu na mausi. Afadhali kidogo, ila muda bado unaniishia.

Wenye uzoefu, mausi mnaiseti vipi? Na kona ile mnashusha gia, au mnaachia mafuta tu? Natamani sana kufika kwenye mbio zenyewe.