"Malaika" ina mtunzi: nimechoka kuambiwa kuwa wimbo huu hauna mwenyewe

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, nami sina sababu ya kuificha. Jumanne ya wiki iliyopita niliitwa katika studio moja ya hapa Mombasa nikapige gitaa katika toleo jipya la "Malaika", litakaloimbwa na binti mmoja mwenye sauti nzuri ambaye simlaumu kwa lolote nitakalolisema hapa. Nilipouliza jina la mtunzi litaandikwaje na ruhusa imeombwa kwa nani, prodyuza alinijibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake: "Mzee, ule ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe." Nilirudisha gitaa mfukoni, nikawaaga kwa adabu, nikaondoka bila ujira wa siku ile.

Nimeupiga wimbo huo kwa miaka 22 katika hoteli za ufukweni, kuanzia Diani hadi Malindi, na ziko siku ambazo wageni wameuomba mara tatu kabla ya chakula cha usiku kuondolewa mezani. Umenilishia watoto na kunilipia karo. Kwa hiyo mtu anaponiambia kuwa hauna mwenyewe, naona ananiambia kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikila kitu kilichookotwa njiani.

Kwa vijana walioukuta wimbo ukiwa tayari umezagaa duniani, naomba niyaseme yanayojulikana. Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi mwaka 1960 akiwa na bendi yake ya Jambo Boys. Mwaka 1963 ukarekodiwa upya na Equator Sound Band, bendi ya lebo ya Equator Sound ya Nairobi, ambayo Fadhili mwenyewe aliiongoza na ambamo walipita watu wa uzito wa Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Ukilisikiliza toleo hilo kwa utulivu utagundua kwamba halina papara yoyote: Fadhili hapazi sauti, hapambi neno, anaeleza shida yake kama mtu anayemweleza rafiki barazani, na magitaa yanampa nafasi ya kumaliza sentensi zake. Ni wimbo wa kijana asiye na mali. Anampenda msichana, anataka kumuoa, mahari hana. Hakuna zaidi ya hapo, na hapo panatosha, kwa sababu hakuna mtaa wa pwani wala wa bara ambao haukumwona kijana wa namna hiyo.

Baada ya hapo wimbo ukatoka mikononi mwa wenyewe. Miriam Makeba aliuchukua, na mwaka 1965 ukaingia katika albamu aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Pete Seeger aliuimba. Hep Stars wa Uswidi, bendi alimokuwamo Benny Andersson kabla ABBA haijazaliwa, waliurekodi katika miaka ya 1960. Usha Uthup wa India aliufanya kuwa mmoja wa nyimbo zake. Boney M. waliutoa Ujerumani mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya mwaka 1991. Nimewataja wachache tu ambao sina shaka nao. Waliobaki ni wengi mno, na kila msimu wa watalii huniletea mgeni anayesema kwamba nchini kwao pia uko.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Katika orodha yote hiyo, mgeni anayeniomba wimbo huwa analijua jina la mwimbaji wa mwisho aliyemsikia. Mjerumani huniomba wimbo wa Boney M. Mmarekani mwenye umri wangu huniomba wimbo wa Makeba. Sijapata kuombwa, hata usiku mmoja, wimbo wa Fadhili William. Mgeni hana kosa, kwani huomba kile alichofundishwa. Kosa ni letu sisi wenye lugha na wenye ardhi, ambao tuliacha jina lidondoke na tukaendelea kutembea.

Katika hoteli moja niliyofanya kazi palikuwa na kadi iliyofunikwa kwa plastiki, iliyowekwa juu ya kila meza, yenye orodha ya nyimbo za jioni. Mbele ya nyimbo za kigeni paliandikwa majina ya waimbaji wake. Mbele ya "Malaika" paliandikwa "wimbo wa asili wa Kiafrika". Nilimwendea msimamizi, nikamweleza kwamba wimbo wa asili ni ule ambao mwanzo wake hakuna anayeukumbuka, ilhali huu ulirekodiwa studio, Nairobi, na watu wenye majina. Akaahidi kurekebisha. Miezi minne baadaye kadi zilichapwa upya kwa sababu bei za vinywaji zilikuwa zimepanda. Bei zilirekebishwa hadi senti ya mwisho, na "wimbo wa asili" ukabaki palepale. Siku hiyo nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika jina la Fadhili William juu ya plastiki ya meza zote kumi na nane, na kesho yake nikaambiwa nimeharibu mali ya hoteli.

Narudi studio, kwa sababu kule nilikuta uharibifu wa pili, na huo unanitia uchungu kuliko ule wa jina. Maneno ya wimbo yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya maikrofoni. Mahali ambapo kijana wa Fadhili anasema "ningekuoa", karatasi ilisema "ungenioa", kwa kuwa mwimbaji ni mwanamke na mwanamke haoi, huolewa. Nakubali kabisa kwamba kwa Kiswahili mwanamume ndiye huoa. Lakini yasomeni maneno yanayotangulia: msemaji anasema ameshindwa kwa kuwa mali hana. Ukishaweka "ungenioa" baada ya hapo, unapata binti anayelalamika kwamba haolewi kwa sababu yeye ndiye hana mali. Tangu lini mahari katika pwani hii ikatoka upande wa binti? Kwa kubadilisha viambishi viwili, shida nzima ya wimbo imepinduliwa, na waliopindua ni watu waliozaliwa katika Kiswahili, walionyonya Kiswahili, ambao hawakusoma mstari mmoja nyuma.

Miriam Makeba, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake, aliliacha neno "ningekuoa" kama alivyolikuta. Wapo waliomcheka kwa hilo, nami huwa nawajibu kwamba mwanamke yule alisimama mahali pa kijana na kusema maneno ya kijana, kama msimulizi wa hadithi anavyosema kwa sauti ya sungura au ya fisi na hakuna anayemuuliza mkia wake uko wapi. Aliuheshimu wimbo kuliko sisi. Matamshi yake yana walakini hapa na pale, na wengi waliomfuata waliufungua mlango uleule aliopitia, wakayachukua na makosa yake bila kurudi kwa Fadhili kuuliza. Hata hivyo nikipewa kuchagua kati ya mgeni anayekosea irabu na mwenyeji anayekosea maana, simuulizi mtu nimchague nani.

Kuna na suala la "kidege". Katika ubeti huo mwimbaji anasema "hukuwaza", na neno hili lina njia mbili. Linaweza kuwa la mazoea, kwamba mimi hukuwaza wewe kila siku, kidege wangu. Na linaweza kuwa kanusho, kwamba wewe hukuwaza, hukutia jambo hili akilini. Sikio langu, kwa jinsi Fadhili anavyolitamka kwa upole na bila lawama, linaelekea kwenye la kwanza: kijana anamuwaza msichana mchana na usiku, wala hamsuti. Yule binti wa studio alikuwa amefundishwa kuliimba kwa ukali, akiwa amekunja uso, kana kwamba anamkemea mtu aliyemtupa. Nilimuuliza taratibu, "Mwanangu, unadhani hapa unasema nini?" Akanijibu, "Namwambia hakunifikiria, baba." Hakuna aliyewahi kukaa naye dakika tano akamwonyesha njia ya pili. Nilimwomba alirudie kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea peke yake, akalirudia, na chumba kizima kikanyamaza. Prodyuza akasema toleo lile halina nguvu, warudi kwenye la kwanza.

Tena msinisahaulishe arusi. Sasa hivi haipiti wiki bila kuona bibi arusi na bwana arusi wakiingizwa ukumbini kwa wimbo huu, ndugu wakishangilia na simu zikiwa juu. Mimi mwenyewe nimeupiga mara nyingi kwa sababu kazi ni kazi, na kila mara moyo husita, kwani ninayemwimba hakufika ukumbini. Huyo alishindwa njiani. Pesa zilimzuia. Siwaombi watu waache kuucheza arusini, ila nashangaa kwamba twaweza kusimama pamoja watu mia tatu, sote tukijua Kiswahili, na asipatikane mmoja wa kusema kwamba huu ni wimbo wa mtu asiyeoa.

Najua tayari atakayejibu uzi huu kwa kusema kwamba utunzi wenyewe una ubishi. Ni kweli, una ubishi, na mimi ndiye wa kwanza kulisema. Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916, alidai kwamba aliutunga yeye akiwa Nairobi kati ya mwaka 1945 na 1946, kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi walikataa asiolewe naye, akaozwa kwa mwenye mali. Jina la Grant Charo nalo limetajwa na watu wa muziki kwa miaka mingi. Fadhili alishikilia kwamba ni wake hadi mwisho wa maisha yake. Haya yote nayajua, na ndiyo yanayoniongezea hasira, kwa sababu ubishi huu umegeuzwa kuwa kisingizio. Shamba likigombewa na ndugu wawili, jirani hapati ruhusa ya kuingia na jembe lake akisema halina mwenyewe. Kinyume chake, anatakiwa asimame nje ya mpaka kwa uangalifu zaidi. Watu wawili au watatu wakidai kuwa wameutunga wimbo, maana yake ni kwamba wimbo ulitungwa na mtu, kichwa cha mtu, roho ya mtu, wala haukuota kama magugu. Yaandikwe majina ya wote wanaotajwa, na ielezwe kwamba lipo shauri kati yao. Nafasi kwenye jalada haikosekani. Jina la mtengeneza mdundo huwa halikosi pa kukaa.

Wala sheria haiko kimya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya muziki kwa maisha yote ya mtunzi, kisha miaka 50 inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Tanzania nayo, kwa sheria yake ya mwaka 1999, inahesabu miaka 50 baada ya kifo vivyo hivyo. Fadhili William aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarejea nyumbani, akafariki Nairobi mwezi Februari mwaka 2001. Kwa hesabu hiyo, madai yake juu ya wimbo huu yatasimama hadi mwisho wa mwaka 2051. Mtu anayeniambia mwaka huu kwamba wimbo ni wa zamani mno kuwa na mwenyewe amekosea kwa miaka mingi, na anafanya kosa hilo akiwa amekaa katika studio yenye leseni ukutani.

Nilimweleza prodyuza haya yote, tena kwa lugha ya upole kuliko hii ninayoitumia hapa. Alinisikiliza, akasema kwamba watu wa Ulaya waliurekodi bila kuuliza na hakuna aliyewafunga. Sikuwa na la kumjibu wakati ule, maana koo lilinikauka. Namjibu sasa: kama wageni waliingia shambani bila kubisha hodi, hiyo haikupi wewe mtoto wa nyumbani haki ya kuingia kwa dirishani.

Toleo hilo nimeambiwa litatoka kabla ya Desemba, na mpiga gitaa mwingine ameshapatikana. Likitoka nitalinunua, nitalisoma jalada na maelezo yake yote, na nitaandika hapahapa chini ya uzi huu ni jina la nani lililowekwa mahali pa mtunzi. Wakati huohuo nawaomba wenye santuri za zamani za wimbo huu, ziwe za Nairobi au za nje, watazame karatasi ya katikati ya santuri, watupie picha hapa, na watuandikie herufi kwa herufi jina lililochapwa katika mabano chini ya jina la wimbo. Mimi ninayo moja tu, ya Boney M., na wino wake umefutika kwa vidole.