Sare za familia kwa harusi ya Lamu: kushonesha, seti za mtandaoni au mtumba?

Mama Twaha: Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Tuna harusi ya upande wa mume wangu huko Lamu, nataka familia yetu ivae ifanane. Sote wawili twaingia kazini asubuhi na kurudi jioni, kwa hivyo sina nafasi ya kuzunguka maduka. Nimebaki na njia tatu: nimpe fundi vitenge, niagize seti tayari mtandaoni, au nichague mtumba wa rangi moja. Nisaidieni, wiki hii nataka kulipa.

Bint Maweni: Una watoto wangapi, wa umri gani, harusi lini, na bajeti kiasi gani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mwana wa Langoni: Mimi nauliza jingine. Sare hiyo yataka kuonekana wapi? Harusi za kwetu wanaume wana shughuli yao, wanawake yao. Mumeo atakuwa kwenye nikahi na kanzu na kofia, wewe uko ndani na wanawake wenzio, na njiani juu ya gauni una buibui. Mtakutana kwenye picha moja ya nyumbani. Pesa wekea watoto.

Baba Kadzo: Mtumba, dada, mtumba. Wanangu wote nawavisha mtumba na watu wananiuliza nanunua duka gani. Pamba safi, mishono imara, na mtoto akikua humlilii nguo. Ukiwa sokoni siku belo linafunguliwa, tena asubuhi, unapata kamera, yaani zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza.

Shosti wa Casuarina: Baba Kadzo, mwenzio kasema hana muda! Mtumba ni moja moja. Kupata nguo tano za rangi moja ni kazi ya kulipwa mshahara. Mama Twaha, agiza Mombasa, mzigo waja kwa basi, waenda kuuchukua tu. Ila usiagize kwa umri. Kile kibandiko cha "miaka 6" mara nyingi humwingia wa miaka minne. Pima watoto kifua na urefu kwa inchi, mtumie muuzaji vipimo, naye akupimie nguo aliyonayo mkononi akujibu kabla hujatuma M-Pesa. Na umuulize kitambaa. Akikwambia "laini sana" bila kutaja pamba, jua ni poliesta, na mtoto atakuvulia nguo mbele ya wakwe.

Bi Shughuli: Msinitajie kushonesha. Niliwahi kutengeneza sare ya harusi ya dada yangu hapa hapa Malindi, na mpaka leo nikiiona ile picha damu inanichemka. Nilinunua kitenge cha tausi wakubwa, kizuri ajabu, nikampa fundi mmoja, simtaji. Vipimo akachukua mwenyewe, kukata akamwachia mwanafunzi wake. Yule kijana ili kitambaa kimtoshe akawa anageuza vipande, hiki juu hiki chini. Mimi nikatoka tausi wangu wamesimama vizuri. Binti yangu tausi wananing'inia kama popo, tena mbele tu, mgongoni wamesimama. Mume wangu tausi mmoja kakatwa shingo na vifungo. Kumuuliza fundi ananijibu, "Mama, mtoto akikimbia nani ataona?" Nguo tumepewa usiku wa kuamkia harusi, utarudisha wapi? Mume wangu alicheka mpaka nikataka kumnyang'anya shati. Na picha yenyewe mama mkwe kaitundika sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa.

Fundi wa Barani: Bi Shughuli pole, lakini nikuulize: ulipeleka yadi ngapi?

Bi Shughuli: Sita, kama kilivyouzwa.

Fundi wa Barani: Basi nusu ya kesi tumeimaliza. Yadi sita kwa watu wangapi? Kitenge upana wake ni karibu inchi 45, si 60 kama vitambaa vya suti. Gauni refu la mama peke yake lataka yadi nne hivi, shati la baba mbili na zaidi. Na picha yenye kichwa na miguu haigeuzwi, kwa hivyo inakula kitambaa zaidi. Mteja analeta kidogo, fundi anaona haya kusema hakitoshi, ndipo tausi wanapinduka. Chagueni maua madogo yasiyo na juu wala chini. Kifueni kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Watoto waachieni pindo la inchi mbili tatu ndani, mwakani mnalishusha.

Bi Shughuli: Kwa hiyo makosa ni yangu. Ahsante sana.

Mama Twaha: Nimesoma yote. Watoto ni watatu: wa kiume miaka 9, wa kike 6, na mdogo 2. Harusi ni mwezi ujao. Mume anasema yeye ni kanzu tu. Bajeti ni ya wastani.

Bint Maweni: Wastani wa nani? 😂 Mimi ningesema kanga. Doti moja ina vipande viwili, unapata rinda la binti na la mdogo kama ni wa kike, wewe unajifunga doti yako ya aina hiyo hiyo. Mtaa wa Biashara kule Mombasa wanazo za kila rangi.

Fundi wa Barani: Kanga ina pindo pande zote, ukikata rinda lazima upange pindo likae chini. Si kila fundi anajua.

Mwana wa Langoni: Mume kama ni kanzu, basi avae kofia ya mkono. Asije na ile ya mashine, watamjua tangu gatini.

Baba Kadzo: Kofia ya mkono bei yake unanunua nguo za nyumba nzima. Nani ataikagua?

Mwana wa Langoni: Wazee wote wa barazani! Ile hutungwa tundu moja moja, kazi ya miezi. Na za Siyu, kule visiwa vya Lamu, usizifananishe na nyingine.

Mkaa Pate: Za Siyu? Pate je? Kaulize vizuri.

Shosti wa Casuarina: Ushauri wa njiani tu: kanzu nyeupe asiivae tangu Malindi. Kuna basi mpaka Mokowe, kisha boti, na maji ya chumvi yanaruka. Na wewe viatu virefu acha nyumbani. Vichochoro vile UNESCO waliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, visigino hawakuvifikiria, na punda hapishi mtu.

Mkaa Pate: Turudi kwenye kofia. Mwana wa Langoni, weka picha ya hiyo ya Siyu tuione kushona kwake.

Mwana wa Langoni: Naiweka usiku, simu haina chaji. Nawe weka yako, tena ya karibu, tuhesabu matundu.