Kuchangia makundi madogo huru yanayolinda wanyama walio hatarini kutoweka: mnayapimaje, na pesa inafikaje nzima?

mchango14

Wakuu, salaam. Tuko watu 14, tunachanga kila mwezi. Fungu la mwaka huu tumekubaliana lisiende kwa mashirika makubwa yenye matangazo kila kona. Tunataka makundi huru, yale ya watu kumi au ishirini yaliyoshika mnyama mmoja au eneo moja na kukaa nalo miaka. Orodha yetu ya mwanzo ina chui wa theluji, mbwa-mwitu wa Ethiopia, na kituo kimoja kinacholea watoto wa simba ambapo mchangiaji hupewa siku ya kwenda kuwashika.

Tulipokwama: unajuaje kundi linafanya kazi, na si picha nzuri tu? Pesa ipite njia gani isimegwe? Na je, ni bora kutaja kitu cha kununua, tuseme kamera au kola za GPS, au tuwape fedha waamue wenyewe? Naomba majibu yenye vipimo.

nyayo_mbichi

Mkuu, mmeanza na mnyama. Anzeni na kinachomuua, kisha mtafute nani anakishughulikia. Majibu mengi yatajileta.

Mbwa-mwitu wa Ethiopia: waliokomaa waliobaki hawafiki 500, wengi wao wako milima ya Bale. Kinachowaangusha kwa mkupuo ni kichaa cha mbwa na distempa, na maradhi hayo huletwa na mbwa wa wafugaji wanaopanda nao malishoni. Ndiyo maana Ethiopian Wolf Conservation Programme, mradi ulioanza 1995, umetumia miaka mingi kuchanja mbwa wa vijijini, kazi ambayo haina picha ya kutia kwenye kalenda. Sasa tazama hesabu yake. Ili kichaa kisisambae, inapaswa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wawe na kinga. Mbwa wa kijijini haishi sana: wakubwa wanakufa, wadogo wanazaliwa, kwa hiyo ukifikisha 70 leo, mwakani umeshashuka chini ya hapo bila mtu yeyote kuzembea. Chanjo nayo inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kutoka ghala mpaka juu mlimani. Mfadhili akija mwaka mmoja na kupotea wa pili, pengo linafunguka papo hapo ugonjwa unapopitia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kundi lolote: tishio ni lipi, mnahitaji kufikia kiwango gani, na mkifikia nusu yake inakuwaje? Wanaoijua kazi watakujibu kwa aya mbili. Wasioijua watakutumia video.

Chui wa theluji ni habari nyingine. Akiingia zizi lisilo na paa anaweza kuua mbuzi wengi usiku mmoja, na mwenye mifugo anamrudi kwa risasi au sumu. Dawa yake ni zizi lililofunikwa kwa wavu wa chuma juu, mlango usio na mwanya, na fidia isiyochelewa. Snow Leopard Trust, shirika la tangu 1981, lina mpango wa kununua kazi za sufu za wafugaji: jamii hutia saini kwamba haitawinda, ikitimiza hupata bonasi, na mmoja akivunja, bonasi ya wote inapotea. Ukikutana na mpango wa namna hiyo popote pale, uliza nani anakagua, na kama imewahi kutokea jamii ikanyimwa. Mkataba ambao haujawahi kumnyima mtu chochote, ama watu wote ni waaminifu, ama hakuna anayetazama.

Duma pia: Cheetah Conservation Fund ya Namibia imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa ulinzi wa asili ya Anatolia tangu 1994, wanaolelewa pamoja na mbuzi tangu udogoni. Duma si mpiganaji. Akibwekewa na jibwa la ukubwa huo anaondoka, na mfugaji hana sababu ya kumtega.

Jingine, msidanganywe na idadi ya mitego ya waya. Taarifa inasema "mwaka jana tulitegua 300, mwaka huu 600". Hiyo ni habari njema au mbaya? Huwezi kujua. Omba kilomita za doria. Kama 300 zilitoka kwenye kilomita 1,500, ni mitego 20 kwa kila kilomita 100. Kama 600 zimetoka kwenye kilomita 4,000, ni 15. Yaani mitego imepungua porini ingawa rundo la waya limekuwa kubwa. Kundi lisiloweza kukupa kilomita halijui lenyewe linakokwenda.

mtunza_daftari

Mimi nijibu la pesa.

Kundi lililosajiliwa Marekani kama la hisani linajaza fomu 990, taarifa yake ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, na fomu hiyo ni ya wazi kwa yeyote. (Makundi madogo kabisa hujaza toleo fupi lisilosema mengi.) Nenda Sehemu ya IX: matumizi yamegawanywa safu tatu, kazi yenyewe, utawala, na kutafuta fedha. Kisha Sehemu ya VII, malipo ya viongozi. Fedha zinazotoka nje ya nchi ziko Jedwali F, lakini hilo linataja eneo la dunia tu, si jina la kundi lililopokea, kwa hiyo jina muulizeni wenyewe kwa barua. Kwa Uingereza, rejesta ya Charity Commission inaonyesha hesabu za miaka kadhaa bure, na kama miongoni mwenu kuna mlipa kodi wa huko, ajaze tamko la Gift Aid: kila pauni 1 inaongezewa peni 25 na serikali.

Makundi mengi mnayoyatafuta hayana usajili wa huko. Hapo zipo njia mbili. Kwanza, kupitia mtandao unaoyachuja na kuyapelekea fedha. Wildlife Conservation Network ya California, iliyoanza 2002, imejengwa kwa ajili ya wahifadhi huru. Mchango uliotaja kundi fulani hupelekwa wote, na gharama za ofisi yao hulipwa na wafadhili wengine. Pili, kutuma moja kwa moja benki. Huku ndiko pesa inakomegwa. Hawala ya SWIFT, yaani ya benki hadi benki kati ya nchi, ina chaguo la nani abebe ada: ukiweka SHA (ada zigawanywe), benki za katikati zinakata humo humo na kundi linapokea pungufu bila kujua kwa nini. Weka OUR, ada zote ziwe zenu, na ulizeni jumla kabla ya kubonyeza. Ada nyingi hazitazami ukubwa wa kiasi, kwa hiyo kutuma kidogo kidogo kila mwezi ni kulisha benki. Changeni kila mwezi, tumeni kila robo mwaka au nusu mwaka.

Tahadhari moja inayosahaulika: sheria ya nchi ya mpokeaji. India ina sheria ya FCRA, inayosimamia fedha za kigeni kwa asasi. Asasi isiyo na kibali chake hairuhusiwi kupokea fedha za kigeni, yenye kibali lazima ipokee kwanza kwenye akaunti maalumu katika tawi kuu la State Bank of India jijini New Delhi, na tangu mabadiliko ya 2020 haiwezi kuipitishia asasi nyingine fedha hizo. Mkituma kwa nia njema kwenye akaunti ya kawaida mnawatafutia kesi. Ulizeni kila mahali, "sheria zenu zinataka tupitie wapi?" kabla ya kuomba namba ya akaunti.

Kutaja kitu au kutotaja? Msitaje. Au tajeni kwa upana: "kazi ya doria na mishahara yake". Kola ya GPS ndiyo mfano mzuri wa zawadi inayogeuka deni. Ile ya setilaiti ina ada ya mwaka ya kupitisha taarifa, inataka daktari wa wanyama mwenye kibali na dawa ya usingizi ili ivalishwe, na betri ikiisha baada ya mwaka mmoja au michache mzunguko unaanza upya. Mkinunua kola bila hayo mengine mmemvika mnyama uzito tu.

bila_kamba

Hicho kituo cha watoto wa simba kifuteni leo. Mtoto wa simba hashikiki salama baada ya miezi michache, kwa hiyo biashara ya kushika inataka watoto wapya kila mara, na watoto wapya maana yake ni kuzalisha, na mara nyingi kumtenga mtoto na mama mapema. Ulizeni mambo mawili tu: mnazalisha? Na waliokuwa watoto miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa, mmoja mmoja? Kituo cha kweli cha waliookolewa kinazuia wasizaane na kina jibu kwa kila mnyama. Kwa dunia nzima tazameni ithibati ya GFAS, shirikisho la kimataifa la vituo vya hifadhi ya wanyama; kwa Afrika upo pia muungano wa PASA, ila huo ni wa vituo vya sokwe, nyani na jamaa zao, si wa simba.

mchango14

Ahsanteni sana, simba ametoka kwenye orodha. Mawili yamebaki. Wenzetu watatu wana kamera zao za zamani, zile za kufunga mtini, jumla 6 za aina nne tofauti, na wanataka zitumwe. Na kuna mjumbe anashikilia kwamba kila senti iende porini, asilipwe mtu mshahara.

kadi_imejaa

Kamera 6 za aina nne ni mzigo kwa mpokeaji, kwa sababu zifuatazo.

Utafiti wa kamera unalinganisha kituo na kituo. Kamera moja inawaka kwa nusu sekunde, nyingine inachukua sekunde mbili. Hiyo ya pili inampiga chui mkia tu au haimpigi kabisa. Ukizichanganya, tofauti unayoiona ni ya kamera, si ya wanyama. Pili, zile zenye mmweko mweupe zinamwambia jangili mahali zilipo, na siku ya pili hazipo. Tatu betri: nyingi zinakula AA 8, nyingine 12. Kamera 40 za betri 8 ni betri 320 kila zamu ya kubadilisha. Hapo ndipo miradi inapozimika kimya kimya. Kamera wanazo, cha kuzitia ndani hawana. Nne ushuru wa forodha: kifurushi cha zawadi kinaweza kukaa bandarini au uwanja wa ndege mpaka kundi lilipe kukitoa, pengine kuzidi thamani yake, na betri za lithiamu kwa ndege zina masharti yake.

Kama kundi linataka kamera kweli, waulizeni modeli wanayotumia sasa, wanunue wenyewe huko kwa fedha yenu, na muongeze betri za mwaka mzima, kadi za kumbukumbu mbili kwa kila kamera (moja porini, moja mezani), na vifuko vya kunyonya unyevu.

Wenzenu wenye muda wana kazi nyingine ya kufanya. Kamera ikitazama mashariki au magharibi, jua linaiwasha. Majani mbele yake yakitikiswa na upepo, kadi inajaa maelfu ya picha za nyasi. Mtu lazima azichambue. Kuna Zooniverse, ambako mtu yeyote anaweza kusaidia kutambua wanyama pichani kwa mradi uliofungua mlango. Waelekezeni huko.

doria_ya_usiku

Nyayo_mbichi, hesabu ya mitego kwa kilomita 100 ni afadhali, lakini usiiuze kama mizani ya dhahabu. Doria haitembei kwa bahati nasibu. Inakwenda inakojua kuna mitego, kwa hiyo kiwango kinapanda kwa ujuzi wa askari, si kwa wingi wa majangili. Masika nyasi ndefu zinaficha waya. Na majaribio ya kuficha mitego makusudi yameonyesha kwamba doria hupita karibu na mingi bila kuiona. Ulinganisho wenye maana ni eneo lile lile, msimu ule ule. Makundi mengi yanatumia programu ya SMART, ni ya bure, inanakili njia za doria. Waombwe ramani ya njia ya miezi ile ile kwa miaka miwili, hata kama ni picha ya skrini iliyofutwa namba za GPS za mahali.

nyayo_mbichi

Nakubali, hasa la msimu. Ila kundi la watu kumi lisilo na SMART lisikataliwe kwa hilo. Daftari lenye tarehe, saa za kutoka na kurudi, na nani alikwenda, linatosha kuanzia.

mtunza_daftari

Kwa mjumbe wa mishahara: mwambieni aandike kinachomlinda mnyama bila mtu kulipwa. Anayechanja mbwa analipwa, anayetegua waya analipwa, na askari wa doria asiyelipwa miezi mitatu ama ataacha ama atanunuliwa. Vifaa ndivyo rahisi kuchangiwa, mishahara ndiyo ngumu, na ndiyo maana utakuta kundi lina gari jipya na halina dereva. Gharama za utawala zikisomeka karibu na sifuri mimi hushtuka: ama kuna mwingine anayezilipa, basi atajwe, ama zimefichwa kwenye safu ya kazi.

Njia moja ya kuchuja ambayo haijatajwa: Rufford Foundation huwapa wahifadhi ruzuku ndogo, na huweka taarifa za mwisho za miradi mtandaoni. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund nayo hutoa ruzuku zisizozidi dola 25,000 na huorodhesha ilizotoa kwa jina la spishi. Tafuteni mnyama wenu humo. Kwenye taarifa ya mwisho rukeni mpaka panapoelezwa magumu yaliyotokea. Aliyeandika "hakuna" hapo, mimi humpita.

mchango14

Safi. Tumefikia hivi: mbwa-mwitu wa Ethiopia, ahadi ya miaka mitatu kwa maandishi, tunatuma mara mbili kwa mwaka, na hatutaji kitu cha kununua. Kwenye barua tutauliza tishio na kiwango, sheria ya kupokea fedha, na tutaomba picha za kazi zenye mahali zilipopigwa ili wachangiaji waone.

doria_ya_usiku

Hilo la mwisho toeni. Picha ya simu inabeba namba za GPS za mahali ndani ya faili, na mkiipandisha kama ilivyo mmewachorea ramani wasiostahili. Si bure kwamba iNaturalist, tovuti ambako watu hurekodi viumbe walivyoviona, yenyewe huficha mahali pa spishi zilizo hatarini, ikimwonyesha kiumbe popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, karibu kilomita 22 kwa upande kwenye ikweta. Ombeni picha ya daftari la chanjo: tarehe, idadi ya mbwa, namba ya bechi ya chanjo, majina ya wenye mbwa yakiwa yamefunikwa.

mchango14

Imefutwa. Barua inaondoka kesho na daftari ndilo tulichoomba.