Injini ya ndege IO-360 inakataa kuwaka ikiwa ya moto: nakosea wapi?

Mwanagenzi_TX: Habari zenu, wakuu. Nilijifunza kurusha ndege hapa Texas kwa Cessna 172 ya zamani yenye kabureta, na sasa nimeingia ubia katika RV-7 ambayo mwenzangu aliiunda kwa mikono yake, yenye injini ya Lycoming IO-360 na injekta ya Bendix, inayopeleka mafuta kwa kila silinda badala ya kabureta. Asubuhi inawaka bila tabu, lakini tukitua kujaza mafuta na kupumzika dakika 20, inagoma. Jumamosi nilifuata hatua zile zile za asubuhi, nikapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka, huku petroli ya samawati ikidondoka chini ya boneti.

Fundi_Mstaafu: Kosa lako liko kwenye hayo maneno "hatua zile zile". Juu ya injini hiyo kuna kigawio cha mafuta kinachotoa vijibomba vinne vyembamba, kimoja kwa kila silinda, na ukishazima, upepo wa propela unakoma, joto linapanda, petroli iliyomo vijibombani inachemka na sehemu yake inasukumwa hadi kwenye njia za hewa. Kwa hiyo injini ya moto tayari ina mafuta ya kuanzia, nawe asubuhi unaiongezea kwa pampu ya umeme kwa sababu imepoa na ni kavu. Ikiwa ya moto, usiiongezee: acha mchanganyiko (wenzo wa kuruhusu au kukata mafuta) umefungwa kabisa, fungua throtoli (wenzo wa hewa inayoingia) kama sentimita moja, piga stata, na ikishika tu, sukuma mchanganyiko mbele bila papara huku ukirudisha throtoli. Ikianza kukohoa, washa pampu kwa sekunde chache, kwa kuwa mvuke bado unapita.

Rubani_wa_Jioni: Naongeza kuhusu yale matone, maana hapo injini ilikuwa imekwisha kuzidiwa mafuta. Subiri yakome kudondoka, kisha fungua throtoli yote, mchanganyiko ukiwa umefungwa, upige stata kwa vipindi vifupi na kuipumzisha. Ikiwaka, mikono yote miwili ina kazi, throtoli nyuma na mchanganyiko mbele. Moto ukizuka kwenye njia ya hewa, endelea kupiga stata ili injini iuvute ndani. Mimi, hata hivyo, hupenda kuendesha pampu dakika moja mchanganyiko ukiwa umefungwa ili kupoza mabomba.

Fundi_Mstaafu: Hilo hufaa kwenye injini za Continental, ambazo mfumo wake una njia ya kurudisha mafuta. Katika Bendix ya kawaida mafuta hayapiti mchanganyiko ukifungwa, hivyo pampu haipozi chochote, isipokuwa muundaji awe ameweka vali ya kuyarudisha tangini. Mwanagenzi, muulize mbia wako.

Mwanagenzi_TX: Nimemuuliza; vali hiyo haipo. Leo nimejaribu njia ya kwanza, na propela haikumaliza mizunguko mitatu kabla injini haijashika. Nilichelewa kurudisha throtoli, ikanguruma hadi mwenzangu akanishika mkono, lakini shinikizo la oili lilipanda kabla ya sekunde 30. Ahsanteni sana.